Mashine Isiyo na Herufi

Bi Chapa hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na watu wa ofisini, enzi zile ofisi ilikuwa na chumba kizima cha wapiga chapa, wanawake kumi na wawili na mashine kumi na mbili, kelele tupu tangu asubuhi hadi jioni. Jina likamfuata mpaka nyumbani, likamganda. Chumba chenyewe kilifungwa miaka kumi na moja iliyopita. Mashine ziliuzwa kwa mkupuo kama vyuma chakavu, wanawake wakapewa vyeti vya shukrani na kikombe cha chai, na hadithi ikaishia hapo. Tangu siku hiyo vidole vya Bi Chapa havikuwa na kazi, na vidole visivyo na kazi vina utundu wake. Vilichapa juu ya meza, vilichapa juu ya mifuniko ya sufuria, vilichapa mgongoni kwa mumewe usingizini. Mume mwenyewe, fundi bomba mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alishazoea kuamka akiwa ameandikiwa barua nzima.

Basi Alhamisi moja mchana simu ikalia. Mpigaji alikuwa Katibu, mwenzake wa zamani wa chumba kile kile, ambaye sasa alikuwa na ofisi yake ya kuandika maneno yaliyorekodiwa: vikao, mahojiano, mashauri ya mabaraza.

"Dada, vidole bado vizima?"

"Vizima mno. Vinanisumbua."

"Haya, sikiliza. Nina nafasi moja ya mtu wa kufanyia kazi nyumbani. Nilio nao wana kasi, sikatai, lakini hawasikilizi. Nikakutaja wewe. Wenzangu wakaguna, ati huyo si bibi huyo. Nikawaambia apewe mtihani kama wengine. Jumamosi saa nne kamili asubuhi nakutumia sauti ya dakika ishirini. Saa sita kamili mchana kurasa ziwe zimenifikia. Ikipita hapo, nafasi anapewa mwingine. Na usiandikie kwenye simu, dada, hiyo hawaitaki. Kompyuta unayo?"

"Ninayo," alisema Bi Chapa, na hakuwa nayo.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Bi Chapa ilikuwa na urefu wa siku mbili tu. Alipokata simu alibaki ameishikilia, moyo ukimdunda kama wa msichana aliyeposwa. Kisha akaruka. Naam, mwanamke wa miaka sitini na miwili aliruka katikati ya sebule yake, khanga ikamdondoka begani, mumewe akatoka mbio chooni alikokuwa akibadilisha mpira wa bomba, spana mkononi, akidhani nyumba imeingiliwa na nyoka.

"Nimeitwa kazini!" alisema Bi Chapa.

"Na nani tena?"

Akamweleza. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali ambalo mume mwenye akili angelimeza. "Na ukishindwa?"

"Nikishindwa sitaulizwa tena. Nitakuwa ndiyo basi, bibi wa nyumbani. Lakini afadhali nishindwe nikiwa nimekaa mbele ya mashine kuliko kubaki najiuliza maisha yangu yote kama mikono hii bado ni yangu."

Fundi akaweka spana chini. Walikuwa na akiba ndogo waliyoiita ya dharura, na miaka yote walikuwa wakibishana dharura ni nini. Siku hiyo hawakubishana.

Ijumaa baada ya saa sita walikuwa dukani. Lilikuwa duka jembamba, lililobanwa kati ya muuza magodoro na duka la dawa, limejaa mashine hadi darini, nyaya zikining'inia kila mahali. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, miwani imepandishwa kichwani, kalamu mbili zimechomekwa kwenye nywele. Watu walimwita Mama Nyaya naye aliitika.

Fundi hakungoja salamu ziishe. Alichomoa futi yake ya chuma mfukoni akaanza kupima. Yeye alikuwa na imani moja maishani: bomba kubwa hupitisha maji mengi. Akasimama mbele ya kompyuta moja yenye kasha refu linalomfika magotini, akaligonga kwa kiganja.

"Hii ndiyo mashine. Ina heshima."

"Hiyo ina feni nne, baba," alisema Mama Nyaya. "Ukiiwasha utadhani helikopta inatua. Ni ya vijana wa michezo. Nyinyi mnaitaka kwa kazi gani?"

"Kusikiliza sauti na kuandika," alidakia Bi Chapa. "Na kutuma barua pepe. Basi."

"Kwenye kusikiliza unataka utulivu." Mama Nyaya akainama chini ya kaunta, akaibuka na kitu cheusi bapa, ukubwa wake kama kopo la biskuti. "Hiki hapa. Kilitumika ofisini miaka mitatu, nimekifungua na kukisafisha kwa mikono yangu. Diski yake haizunguki, kwa hiyo hakipigi kelele na hakikuchoshi kwa kusubiri. Kumbukumbu yake ni giga nane. Ya nne ni rahisi zaidi lakini ukifungua vitu vitatu inaanza kulia. Umeme kinakula kidogo, bei yake haiumi, na kikikusumbua ndani ya miezi mitatu unakirudisha."

Fundi alikitazama kisanduku kile kwa huruma. Akakipima. Akakipima tena, labda futi ilikuwa imekosea. "Mama, hiki ni kiberiti. Utumbo wake umekaa wapi?"

"Kwani pilipili ina ukubwa gani, baba?"

Hapo Fundi akairudisha futi mfukoni, maana alikuwa mtu wa haki, na pilipili anazijua.

Bi Chapa hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa anazunguka dukani kutoka kompyuta hadi kompyuta, zile zilizowashwa kwa ajili ya wateja, na mbele ya kila moja alifanya jambo moja: alifumba macho, akanyoosha vidole, akachapa. Ya kwanza vitufe vyake vilikuwa laini kama unga uliokandwa, hapana. Ya pili vilikuwa bapa, havishuki wala havipandi, hapana. Kwenye chumba cha wapiga chapa alifundishwa kuchapa macho yakiwa kwenye karatasi anayonakili na masikio yakiwa kwenye mashine. Kila herufi ilisema "tak", na isiposema alijua imemkimbia. Vitu hivi vya leo vilikuwa mabubu. Ya tatu, ya nne, ya tano, hapana, hapana, hapana. Mteja aliyekuja kununua chaja alisahau chaja, akabaki kumkodolea macho.

Kisha akafika kwenye kaunta. Pale mbele ya skrini palikuwa na kibodi nene ya rangi ya kijivu, imekwaruzika pembeni. Akafumba macho. Tak. Akashtuka. Tak-tak. Mwili ukamsisimka kuanzia kwenye kucha hadi utosini, na kabla hajajua anafanya nini vidole vilishaondoka vyenyewe, vinaandika mwanzo wa barua za ofisini, Tafadhali rejea barua yako ya tarehe, tak-tak-tak-tak, mvua ya mawe juu ya bati, na Bi Chapa akacheka kwa sauti huku macho bado yamefumba.

"Hii!" alisema. "Nataka hii hii!"

"Basi tumepatana," alisema Mama Nyaya, maana kilichounganishwa na skrini ile kilikuwa kisanduku pacha wa kile alichokishika. "Skrini mnayo?"

"Tuna televisheni," alijibu Fundi kwa madaha. "Mpya."

"Itafaa, nitawapa waya wake. Na vitu vingine vyote mnavyo nyumbani?"

Fundi akaitafakari nyumba yake: meza ipo, kiti kipo, umeme upo. "Vyote," akasema.

Msimcheke sana Fundi. Bi Chapa alikuwa amesimama hapo hapo na hakuona tatizo. Kwa mpiga chapa, mashine ni vitufe; vingine vyote ni chuma cha kuvishikilia visianguke. Aliposema hii, alikuwa amechagua vitufe. Mama Nyaya alipomfungia kisanduku ndani ya kasha la karatasi, kila mmoja aliamini amefungiwa kile alichokichagua.

Njiani walirudi kama maharusi. Bi Chapa alikataa katakata kusaidiwa kubeba. Nyumbani Fundi akaihamishia televisheni mezani, akachomeka nyaya kwa ustadi wa mtu aliyeunganisha mabomba maisha yake yote, akarudi nyuma hatua mbili ili mkewe afungue kasha kwa mkono wake. Bi Chapa akafungua. Akatoa kisanduku. Akatoa waya wa umeme. Akaingiza mkono tena mpaka kwenye kona za kasha, akapapasa, akaligeuza juu chini, akalikung'uta.

"Herufi ziko wapi?"

"Herufi gani?"

"Za kuandikia, mume wangu! Nitaandika na nini, na pua?"

Wakaligeuza kila upande kopo lile la biskuti, labda vitufe vinachomoka mahali kama droo. Havikuchomoka. Fundi akavaa viatu akatoka mbio, akarudi baada ya saa nzima akihema: duka limefungwa, na namba ya simu iliyoandikwa mlangoni haipatikani. Kesho wanafungua saa tatu. Mtihani ni saa nne.

Usiku ule kwa Bi Chapa ulikuwa mrefu, na sina haja ya kuusimulia. Saa mbili na nusu asubuhi alikuwa mlangoni kwa Mama Nyaya na mkoba begani, kompyuta ikiwa ndani ya mkoba ili ijaribiwe na kibodi yake, pamoja na miwani na kitana. Hilo ndilo jema la kopo la biskuti: ile ya heshima wangeihitajia mkokoteni. Saa tatu ikafika, Mama Nyaya hakufika. Saa tatu na robo. Fundi akawa anatembea huku na huko, akipima upana wa mlango kwa futi kwa sababu ya kukosa la kufanya. Saa tatu na nusu ndipo Mama Nyaya akatokea kwenye kona, hana habari, anatafuna kipande cha mkate.

Alipoelezwa wakiingia dukani, mkate ulimkwama. "Lakini niliuliza! Nikaambiwa vyote!"

Wanawake wote wawili wakamgeukia Fundi. Fundi akaitazama dari.

"Nipe ile ya kaunta nikimbie," alisema Bi Chapa.

"Ile siuzi, dada. Ile ni mkono wangu wa kulia, ndiyo ninayoandikia risiti zote. Nitakupa hii mpya," na akatoa kibodi nyembamba, laini, ya zile mabubu. "Na masikioni utavaa nini? Hedifoni unazo?"

Hakuwa nazo. Wala muda hakuwa nao, kwani kutoka pale hadi nyumbani ni mwendo wa dakika ishirini na tano, halafu kuunganisha, halafu intaneti ya simu ambayo siku nyingine hukubali na siku nyingine hununa. Bi Chapa akaitazama saa ya ukutani. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Akafungua mkoba, akatoa kopo la biskuti, akaliweka juu ya kaunta.

"Mama Nyaya, nakuomba. Niunganishie hapa hapa."

Mama Nyaya alimtazama mara moja tu. Kisha akachomoa kalamu zote mbili kichwani, akashusha miwani puani, na mikono yake ikaanza kuruka. Skrini hii, waya huu, hedifoni hizi, intaneti ya dukani hii. Akasukuma mbele ya Bi Chapa kibodi nene ya kijivu. "Azima mpaka saa sita." Saa nne kasoro dakika mbili kisanduku kiliwaka, kimya kabisa, hata Fundi akainamisha sikio kuhakikisha kiko hai. Saa nne kamili barua ya Katibu ikaingia.

Bi Chapa akavaa hedifoni, akafumba macho, akaanza.

Lilikuwa shauri la baraza kuhusu ukuta. Mlalamikaji alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka ng'ambo ya mto, na vidole vya Bi Chapa vikamdaka neno kwa neno, tak-tak-tak, raha iliyoje! Dakika tano za sauti, kurasa mbili. Mikono ni yangu, alijiambia, mikono ni yangu! Mlangoni Fundi alikuwa amejipa kazi ya ubawabu. Kila mteja aliyetokea alizuiwa na futi iliyonyooshwa kama kizuizi cha barabarani. "Polepole, kuna mtihani ndani." Watu waliingia kwa ncha za vidole, wakaomba chaja kwa kunong'ona.

Ndipo akaitwa shahidi. Alikuwa bibi mmoja mwenye sauti ndogo, anayeongea kama anayetoa siri kwa mtu mmoja tu. Bi Chapa akachapa, na bibi akapotea. Akarudisha nyuma. Bibi akasema maneno matatu, kibodi ikasema tak-tak-tak, bibi akapotea tena. Akaongeza sauti, mwenyekiti wa baraza akamlipukia masikioni. Akarudisha nyuma mara ya tano. Mara ya sita. Alipoacha kuchapa alimsikia bibi vizuri. Alipochapa tu, kelele za vitufe zilimfunika yule bibi kama kifuniko cha chungu. Saa ya ukutani ilisema saa tano kasoro dakika ishirini na tano, na nusu nzima ya sauti ilikuwa bado.

"Vipi?" aliuliza Mama Nyaya kwa midomo bila sauti.

Bi Chapa akasimamisha sauti. Alikuwa ameelewa, na kule kuelewa kulimuuma. Miaka yote ile macho yake yalikuwa kwenye karatasi na masikio yalikuwa huru kusikiliza mashine. Leo karatasi ilikuwa ndani ya masikio. Hakuweza kumsikiliza bibi na kujisikiliza yeye mwenyewe kwa wakati mmoja. Ile tak aliyoitafuta duka zima, iliyomfanya acheke jana macho yamefumba, ndiyo iliyokuwa ikimwangusha.

Akaisukuma kibodi ya kijivu pembeni.

"Nipe ile bubu."

Mama Nyaya akaichomeka. Bi Chapa akaweka vidole juu yake akahisi woga, woga wa kweli, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Vitufe havikusema kitu. Hakujua kama herufi zinakubali au zinamkimbia. Akapiga moyo konde, akarudisha sauti nyuma, akamwacha bibi aongee.

Na bibi akaongea. Alisema ukuta ule aliujenga marehemu mumewe. Alisema aliujenga kwa mawe aliyoyabeba mmoja mmoja. Mwenyekiti akamuuliza, je, mumewe aliuvuka mpaka wa jirani? Bibi akavuta pumzi. Akanyamaza. Kisha akasema, "Ndiyo, aliuvuka. Na alijua." Bi Chapa aliisikia pumzi ile kana kwamba bibi amekaa naye kaunta moja, na akakiandika kimya chake pia, nukta tatu, kabla ya ile ndiyo. Hakuwa tena na habari na vidole. Alikuwa barazani. Bibi alipolia kidogo, vidole vikamngoja.

Sauti ilipokwisha akafumbua macho. Alikuwa hajaitazama skrini muda wote huo, tabia ya zamani, na sasa aliogopa kuitazama. Akaitazama. Maneno yalikuwapo. Yote, kurasa saba, mstari kwa mstari, yamekaa kwa adabu yakimsubiri. Akayapitia yote tangu mwanzo, akarekebisha palipoteleza, akatuma. Saa sita kasoro dakika nne.

Simu ililia baada ya nusu saa. Duka zima, Mama Nyaya, Fundi, na wateja watatu ambao walikwisha kuhudumiwa wakakataa kuondoka, likajikusanya kwenye kaunta. Bi Chapa akaweka sauti ya nje.

"Dada," alisema Katibu, bila salamu, "yule bibi alipoulizwa kuhusu mpaka, umeweka nukta tatu."

"Alisita. Alikuwa anaaga heshima ya mumewe, dada."

Katibu akashusha sauti. "Kipande hiki nimewapa watu watano. Hakuna aliyesikia." Kisha Katibu akaangua kicheko kile kile cha chumba cha wanawake kumi na wawili. "Jumatatu nakutumia shauri zima! Jiandae!"

Sitaweza kueleza zogo lililozuka. Mama Nyaya alipiga vigelegele mpaka muuza magodoro akaja kuchungulia. Mteja mmoja wa chaja alimpa mkono Bi Chapa mara mbili. Kila mtu aliongea, isipokuwa Fundi. Fundi alikuwa amezunguka nyuma ya kaunta, ameinama mbele ya skrini, anasoma kurasa za mkewe kidole kikimwongoza. Alisoma polepole, kama alivyosoma kila kitu. Alipofika kwenye zile nukta tatu kidole kikasimama.

"Miaka ishirini na sita ulikuwa ukirudi jioni nakuuliza kazi imekwendaje," akasema. "Unanijibu, nimechapa tu."

"Si nilikuwa nachapa tu?"

"Mimi nikaamini." Macho yake yalikuwa mekundu. "Sikuwahi kuja hata siku moja kukuona."

Bi Chapa alitaka kumtania, kama ilivyo desturi yao, akaacha. Akamvutia kiti, akampa hedifoni, akarudisha sauti mwanzo ili naye amsikie yule bibi.